Mita mpya ya nishati ya joto inaandika pungufu kwa karibu robo: kosa liko kwenye vihisi?

Kibomba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Hii ni siku ya tatu jambo hili linanisumbua, nikaona nililete hapa kabla sijafungua tena mabomba ya watu.

Kuna jengo lenye boila, na chumba cha boila kina mita ya nishati ya joto iliyokuwapo siku nyingi. Umbali wa mita 25 hivi kutoka pale nimefunga mita mpya, mahali pa ile iliyoishiwa muda wa uhakiki. Mzunguko ni mmoja, hakuna tawi katikati: maji yanayopita kwenye mita ya boila ndiyo hayohayo yanayopita kwenye yangu. Kwa hiyo nilitegemea ziandike karibu sawa, yangu ikiwa chini kidogo kwa sababu ya joto linalopotea njiani.

Siku nzima ya kwanza mita ya boila iliandika kWh 410. Yangu iliandika 312.

Kipima mtiririko nimekifunga bomba la kurudi, lile linalorudisha maji kwenye boila. Vihisi vya joto ni jozi ya Pt500 (vya platinamu) ya nyaya mbili. Vile vibomba vya chuma vya kuchomekea vihisi nimeviacha vya zamani, maana sikutaka kumwaga maji ya mfumo mzima. Kebo ya kihisi cha kwenda haikufika kwenye kikokotozi (kile kisanduku cha mita kinachopiga hesabu), nikaiongezea mita 6 za waya mwembamba, nikalehemu vizuri na kufunika. Kebo ya kurudi ilifika bila kuongezwa.

Nakishuku kipima mtiririko. Nikirudishe?

Mzee wa Boila

Usirudishe kitu bado. Simama mbele ya mita moja, mwenzako asimame mbele ya nyingine, msome kwa dakika ileile: joto la kwenda, joto la kurudi. Halafu utuletee ujazo wa maji wa siku nzima kwa kila mita. Bila namba hizo tutakuwa tunapiga ramli.

Kibomba

Shikamoo mzee. Namba hizi hapa.

Mita ya boila: kwenda 66.1, kurudi 45.1.
Mita yangu: kwenda 61.3, kurudi 45.3.
Ujazo wa siku ile: zote mbili mita za ujazo 17, tofauti yake ni lita chache tu.

Mzee wa Boila

Marahaba. Basi kipima mtiririko chako hakina kosa, kiache kifanye kazi yake.

Mita hii haipimi joto la maji, inapima tofauti ya joto kati ya mabomba mawili, kisha inaizidisha kwa ujazo na kwa kigezo cha maji. Mita moja ya ujazo ikipoa nyuzi moja inatoa karibu kWh 1.15. Piga hesabu: 17 mara 1.15 mara tofauti yako ya nyuzi 16 unapata 312 na ushei. Mara tofauti ya boila, nyuzi 21, unapata 410. Kikokotozi chako kimekokotoa sawasawa kile kilichoambiwa. Kilichoambiwa ndicho kibovu, na aliyekiambia ni kihisi cha kwenda.

Maji hayawezi kupoteza nyuzi karibu 5 kwa mita 25 za bomba lililofunikwa, halafu bomba la kurudi lipoteze nyuzi 0.2 tu kwa umbali uleule. Kihisi chako hakiko ndani ya maji, au kipo lakini hakiyagusi vizuri.

Nondo86

Mkuu, mimi ningekitoa huko ndani, nikifunge juu ya bomba kwa kamba ya chuma na kukifunika vizuri. Bomba la chuma linapitisha joto, na huhangaiki na vibomba vya zamani.

Mzee wa Boila

Nondo, kwa kuwasha pampu au kutazama mfumo unavyoendelea, njia hiyo inatosha. Kwa mita ambayo mtu atalipa kwa namba zake, hapana. Juu ya bomba unapima chuma, na chuma kinagusana na maji upande mmoja na hewa ya chumba upande mwingine. Ukikifunika utapunguza kosa, hutaliondoa. Tena kosa hilo ni kubwa kwenye bomba la moto kuliko la kurudi, kwa hiyo tofauti yako itapungua kila siku na hakuna atakayeona. Zaidi ya hapo, jozi ile imepitishwa kwa kuchomekwa ndani, kwa kina maalumu. Ukiifunga nje umeshaivua idhini yake.

Dada Saketi

Kibomba, zile mita 6 za waya ulizoongeza zinanitia wasiwasi. Haziwezi kueleza hizi nyuzi 5, kwa sababu waya wa ziada unapandisha usomaji, haushushi. Lakini usizisahau, tutazirudia.

Mzee wa Boila

Dada yuko sahihi. Tuanze na kikubwa.

Fundi, kile kibomba kilichozibwa mwisho mimi nakiita ala, kama ala ya kisu. Chomoa kihisi cha kwenda taratibu, ala yenyewe usiiguse. Ingiza waya mgumu ulionyooka mpaka ugonge mwisho, uweke alama, upime kina. Halafu rudisha kihisi mpaka kisimame, nacho kiwekee alama, ukipime. Urefu huo miwili ukitofautiana kwa zaidi ya milimita moja au mbili, utakuwa umempata mwizi wako.

Na ninalisema hili kwa herufi nzito: usifungue ala yenyewe kabla hujafunga valvu pande zote mbili, ukatoa presha, ukamwaga maji, ukaacha pakapoa. Kihisi kinatoka kikavu, ala ndiyo inayozuia maji. Nimemwona fundi mwenye uzoefu akiizungusha nati isiyo yake, maji ya nyuzi 80 yakamrukia mkononi. Aliponea kwa kuwa alikuwa amesimama pembeni.

Mpimaji

Nikiruhusiwa kuongeza, wakati tunamsubiri Kibomba. Mimi kisa changu kilikuwa na dalili ya kinyume, na chanzo kilikuwa kingine. Vihisi vilizama vizuri, jozi ilikuwa nzima, lakini mita iliandika nishati nyingi kupita uwezo wa kibadilisha joto chenyewe. Nilikaa siku mbili nikifuata mabomba kwa mkono, moja baada ya jingine, mpaka nikaona: kihisi cha kwenda kilikuwa kabla ya valvu ya kuchanganya, na kipima mtiririko kilikuwa baada yake. Kihisi kilisoma maji ya moto kabla hayajachanganywa, na kipimo kikahesabu maji yote, hata yale yaliyozunguka tena bila kurudi kwenye chanzo. Kila kifaa peke yake kilisema kweli, lakini vilikuwa vinapima mizunguko miwili tofauti.

Tangu hapo, kabla ya kufungua boksi la mita naichora njia ya maji kwenye karatasi. Vihisi vyote viwili na kipima mtiririko lazima viwe kwenye maji yaleyale. Na kihisi hakikai karibu na tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T) ambapo maji mawili yenye joto tofauti yanakutana, kwa sababu hapo hayajachanganyika bado. Upande mmoja wa bomba unaweza kuwa na joto moja na upande wa pili jingine.

Msomaji Kimya

Nasoma uzi huu kwa makini sana. Samahani kwa swali la pembeni: kwenye mfumo wa maji ya kupozea, rangi za kebo zinabaki zilezile? Nyekundu kwenda, buluu kurudi?

Mpimaji

Kwenye joto, nyekundu inaingia bomba la kwenda kwa sababu ndilo la moto. Kwenye kupoza, bomba la kwenda ndilo baridi. Watengenezaji hawafuati mtindo mmoja, kwa hiyo soma mchoro wa mita yako, usitegemee rangi peke yake. Ukivibadilisha nafasi, mita nyingi zitaona tofauti hasi, zitagoma kuhesabu au zitaonyesha alama ya hitilafu.

Kitu cha pili huko ni unyevu. Bomba baridi linatoa jasho, na ala iliyosimama wima mdomo juu inakusanya maji hayo. Iingize kwa ubavu au kutokea chini.

Kibomba

Wakuu, nimerudi, na mikono bado ina grisi.

Kina cha ala ya kwenda ni milimita 85. Kihisi kiliingia 48, kikasimama. Nilikisukuma wakati wa kufunga nikasikia kimegonga, nikaamini ndio mwisho. Ala ya kurudi nayo ina kina cha 85, na kihisi kimeingia 85 kamili.

Leo tumefunga valvu, tukamwaga maji ya kipande kile tu, nikaitoa ala. Ndani kulikuwa na grisi ya zamani iliyokauka ikawa kama udongo, pamoja na chenga za kutu. Bomba ni DN50 (kipenyo cha karibu milimita 50), na ala imeingia kwa mshazari kupitia kisoketi kilichochomelewa. Nilipochora kwenye karatasi nikaona ncha ya kihisi ilikuwa imeishia usawa wa ukuta wa bomba, ndani ya shingo ya kisoketi, haikufika kwenye maji hata kidogo.

Nimeweka ala mpya inayolingana na kihisi, ncha inafika katikati ya bomba, nayo inatazama maji yanakotoka. Nimepaka grisi ya kupitisha joto kidogo, kihisi kimegusa mwisho, nimekaza skrubu, nimefunika shingo yote.

Sasa mita yangu inasoma kwenda 66.3, kurudi 45.3. Tofauti ni nyuzi 21.0. Mita ya boila nayo inaonyesha 66.1 na 45.1, tofauti 21.0 vilevile. Zimelingana mpaka desimali! Nawashukuru sana, tatizo limeisha.

Nondo86

Safi sana fundi. Mimi pia nimejifunza, nakubali maneno ya mzee.

Dada Saketi

Kibomba, nakupongeza kwa kazi ya ala, umeifanya vizuri. Lakini usipige sili leo.

Angalia namba zako mwenyewe. Maji yanatoka boila yakiwa na nyuzi 66.1, yanatembea mita 25, yanafika kwako yakiwa na 66.3. Nani ameyapasha moto njiani?

Kibomba

Dada, sikuliona hilo. Nilitazama tofauti peke yake.

Dada Saketi

Ndiyo maana nilisema tutarudia zile mita 6.

Pt500 ni ukinzani wa platinamu wenye omu 500 kwenye nyuzi 0. Kila joto linapopanda nyuzi moja, ukinzani unaongezeka kwa karibu omu 1.92. Kikokotozi hakijui joto, kinajua omu tu. Kwa kihisi cha nyaya mbili, kinahesabu omu zote kinazokutana nazo njiani, ziwe za platinamu au za shaba.

Waya mwembamba wa aina hiyo kwa kawaida una eneo la milimita mraba 0.22. Shaba ya unene huo ina karibu omu 0.08 kwa mita. Mita 6 kwenda na mita 6 kurudi ni mita 12, yaani karibu omu 0.95. Gawa kwa 1.92, unapata nusu nyuzi. Kihisi chako cha kwenda kinasoma nusu nyuzi juu ya ukweli. Kihisi cha kurudi hakina nyongeza, kwa hiyo kosa lote linaingia kwenye tofauti. Joto lako halisi la kwenda ni 65.8, na tofauti halisi ni 20.5.

Kwa Pt100, yenye omu 100 kwenye nyuzi 0, ingekuwa mbaya mara tano, kwa sababu kila nyuzi moja kule ni omu 0.38 tu. Waya uleule ungekupa kosa la nyuzi mbili na nusu.

Ulikuwa na makosa mawili yanayovuta pande mbili. Kama ungeanza kwa kuondoa waya na kuiacha ala, usomaji ungeshuka zaidi, ungekuwa 60.8, na ungesema mimi ndiye niliyekupotosha.

Kibomba

Nimekuelewa dada. Ila niulize kwa unyenyekevu: nusu nyuzi kwenye 21 ni asilimia 2.4. Kweli hiyo ni ya kurudia kazi?

Mzee wa Boila

Ni ya kurudia, na nitakwambia kwa nini.

Leo tofauti yako ni nyuzi 21. Baridi ya nje ikipunguza kidogo makali yake, pampu itaendelea kuzungusha maji na tofauti itashuka mpaka 5. Nusu nyuzi ileile hapo ni asilimia 10. Tofauti ikiwa 3 tu, ambayo ndiyo ya chini kabisa kwa mita nyingi, kosa linakaribia asilimia 17. Na kosa la waya haliendi kushoto na kulia likajisawazisha. Linaegemea upande mmoja, saa zote, na anayelipa ni yuleyule.

Kiwango cha Ulaya cha mita za joto, EN 1434, kinaipa jozi ya vihisi nafasi ya kukosea ya asilimia 0.5, ukiongeza mara tatu ya tofauti ya chini uliyogawa kwa tofauti iliyopo. Kwa mita ambayo tofauti yake ya chini ni nyuzi 3, ukiwa kwenye 3 jozi inaruhusiwa asilimia 3.5, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Kwenye 21 inaruhusiwa kama asilimia 0.9. Nusu nyuzi yako iko nje ya mipaka kila mahali.

Jozi ile kiwandani wameipima pamoja, wamechagua vihisi viwili vinavyokosea kwa namna moja ili makosa yafutane kwenye kutoa. Ni mapacha. Ndiyo maana namba zao za mfululizo zinakwenda pamoja, ndiyo maana kebo zao zina urefu sawa, na ndiyo maana kimoja kikifa unabadilisha vyote viwili. Ukikata au ukiunga kebo ya mmoja, umewatenganisha.

Kibomba

Mzee wangu, sina la kubisha. Kabla sijaagiza jozi nyingine nataka nione kwa macho yangu. Naweza kupima vipi?

Dada Saketi

Ndoo ya maji ya moto. Chomoa vihisi vyote viwili, vifunge pamoja kwa mkanda ncha ikiwa sawa na ncha, vizamishe ndani kabisa, koroga bila kuacha, subiri dakika kadhaa mpaka namba zitulie. Visiguse ukuta wa ndoo. Kipimo hiki hakikuambii kama joto lenyewe ni sahihi, kinakuambia kama mapacha wanasema neno moja. Jozi nzima itatofautiana kwa sehemu ndogo sana ya nyuzi.

Kibomba

Nimepima. Kihisi cha kwenda 58.3, cha kurudi 57.8. Nimekoroga, nimesubiri, nimebadilisha nafasi zao, bado 0.5 ileile.

Kisha nikatoa ule waya wa kuunganisha, nikakishika kikokotozi karibu na ndoo ili kebo ifike. 57.1 na 57.1.

Mpimaji

Hapo hata mtu ambaye hajawahi kushika mita anaelewa.

Ukiagiza jozi mpya, uliza zenye kebo ndefu kutoka kiwandani, zote mbili urefu sawa hata kama ya kurudi itazidi. Ile inayozidi usiikate. Ikunje kwa upole, iweke mbali na kebo za umeme wa pampu na usiizungushe juu ya bomba la moto. Au sogeza kikokotozi ukutani mpaka kebo zote zifike zenyewe, kama mahali panaruhusu. Ikibidi umbali uwe mkubwa sana, kuna vihisi vya nyaya nne ambavyo ukinzani wa kebo hauhesabiwi, lakini lazima kikokotozi chako kiwe cha aina hiyo.

Nondo86

Na kuhusu kujaza mafuta ndani ya ala badala ya grisi? Nimeona wengine wanafanya.

Mzee wa Boila

Mafuta yanasaidia ala iliyosimama mdomo juu. Ikilala kwa mshazari yanatiririka nje joto likipanda. Grisi inakaa, ila kidogo, na isafishwe kila unapobadilisha kihisi, maana umeona ile ya zamani ilivyogeuka kizuizi. Na yote mawili hayachukui nafasi ya ncha kugusa mwisho wa ala. Kwenye mabomba madogo mimi napendelea kihisi kinachoingia moja kwa moja ndani ya maji kupitia koki yake maalumu. Hakuna ala, hakuna hewa katikati.

Kibomba

Wakuu, nimerudi na majibu baada ya jozi mpya kufika.

Nimesogeza kikokotozi katikati ya mabomba mawili, kebo zote zinafika bila kuungwa. Jozi mpya niliizamisha kwenye ndoo kwanza, zikasoma sawa. Nimebadilisha na ala ya kurudi pia, ingawa haikuwa na kosa, ili zote ziwe za aina moja.

Sasa nasoma kwenda 65.8, kurudi 45.3, tofauti 20.5, kama dada alivyokokotoa. Siku nzima ya jana: ujazo mita za ujazo 16.6, mita ya boila kWh 401, yangu 391. Zile 10 ni joto linalopotea kwenye mabomba ya katikati, na kuna kipande cha kama mita 2 nimekiona hakijafunikwa.

Dada Saketi

Hongera sana. Swali moja kabla ya sili: kikokotozi kimeambiwa kwamba kipima mtiririko kiko bomba la kurudi? Mita moja ya ujazo ya maji ya nyuzi 40 ina kilo 992, ya nyuzi 70 ina kilo 978. Kikikosea upande, unapoteza karibu asilimia moja na nusu.

Kibomba

Nimekagua sasa hivi kwenye menyu, kimewekwa kurudi. Na kwenye fomu ya makabidhiano nimeandika kina cha ala, namba za jozi na usomaji wa ndoo, ili fundi atakayekuja baada yangu asianze upya. Kesho asubuhi mkaguzi anakuja kupiga sili kwenye skrubu za vihisi vyote viwili, kwenye kipima mtiririko na kwenye kifuniko cha kikokotozi.